Kasi Haiui Prosesa, Volti Ndiyo Inayoiua

Kampuni ya Texas Instruments yenye makao makuu Dallas ina desturi ambayo mnunuzi wa prosesa ya kompyuta ya nyumbani hajaizoea: katika majedwali ya maelezo ya chipu zake nyingi huandika waziwazi chipu imekusudiwa kufanya kazi kwa saa ngapi. Chukua familia ya AM335x, ndiyo iliyomo ndani ya BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi ya benki iliyotoka mwaka 2013 na ambayo hapo awali ilikuwa ikiundwa Richardson, pua na mdomo na Dallas. Chipu hiyo inaruhusiwa kuendeshwa kwa ngazi kadhaa. Kwa megahezi 720 inapewa volti 1.2, kwa megahezi 800 inapewa volti 1.26, na kwa gigahezi 1 inapewa volti 1.325. Mradi joto la ndani ya chipu halizidi nyuzi 90 za Selsiasi, ngazi zote tatu zimeandikiwa saa 100,000, yaani zaidi ya miaka 11 bila kuzimwa. Ruhusu joto lifike nyuzi 105 uone. Ngazi ya chini inabaki na saa zake 100,000. Ya kati inashuka hadi 80,000. Ya juu inaambulia 37,000, miaka 4 na ushei.

Tofauti ya umeme kati ya ngazi ya chini na ya juu ni thumni ya volti moja. Thumni hiyo, ikikutana na nyuzi 15 za ziada, inakula karibu theluthi mbili ya umri. Vijana wetu wa Afrika Mashariki walioko Dallas, Fort Worth na Houston wanaojiundia kompyuta za gemu huulizana kila mara kama ovakloki inafupisha maisha ya mashine, na jibu liko hapo: inafupisha. Lakini lisome tena jedwali hilo. Pakiwa na ubaridi wa kutosha, ngazi ya gigahezi 1 haikupoteza hata saa moja ya ahadi yake. Maana yake kasi yenyewe si adui mkubwa. Adui ni volti inayopandishwa ili kasi hiyo ipatikane, pamoja na joto ambalo volti hiyo inalizaa.

Ovakloki ni kuiendesha prosesa, kadi ya michoro au RAM kwa kasi inayozidi ile iliyopangwa kiwandani, na eneo la Dallas lina undugu wa karibu nayo. Ni Texas Instruments ambako Jack Kilby alionyesha saketi unganishi ya kwanza tarehe 12 Septemba 1958, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000. Ni Mesquite, mashariki mwa Dallas, ambako id Software ilikuwa na ofisi ilipotoa gemu za Doom mwaka 1993 na Quake mwaka 1996. Mwaka huohuo wa 1996 mashabiki wa Quake walikusanyika katika hoteli moja ya Garland, kila mtu amebeba kompyuta yake mwenyewe, na mkusanyiko huo ndio ulioendelea kukua ukaitwa QuakeCon. Mashine ya kubeba mkononi na kuiweka mezani mbele ya wenzako ni mashine ya kujivunia, na fahari hiyo ilipimwa kwa megahezi.

Halafu mwaka 1998 ikaja Celeron 300A ya Intel. Ukibadilisha kasi ya basi lake kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ya megahezi 300 iligeuka kuwa ya 450. Nyongeza ya nusu nzima, na chipu nyingi zilikubali bila kuongezewa volti au kwa nyongeza ndogo sana. Aliyezinunua alipata kwa bei ya chini kasi ya prosesa za tabaka la juu, na zikadumu. Kizazi kile kikaondoka na imani kwamba kila chipu ina akiba iliyofichwa, na kwamba kuichukua hakuna gharama.

Imani hiyo haifai tena, kwa sababu akiba yenyewe imekwisha kuchukuliwa kabla boksi halijafunguliwa. Prosesa ya Intel ya mwaka 2023, Core i9-14900K, ina kasi ya msingi ya gigahezi 3.2, lakini yenyewe hujipandisha hadi gigahezi 6 inapoona nafasi. Nafasi ambayo zamani mtumiaji aliitafuta kwa kuhangaika usiku kucha, leo inatumiwa na kiwanda. Anayeongeza juu ya hapo hachukui akiba, anachota mtaji.

Ndani ya chipu mambo matatu huenda kwa pamoja, na yote hayaonekani kwa macho.

La kwanza ni kuchoka kwa kihami. Kila transista ina tabaka jembamba mno, la nanomita chache tu, linalozuia umeme wa lango usipenye kwenye njia iliyo chini yake. Tabaka hilo hupata kasoro ndogondogo kadiri linavyokaa chini ya mkazo wa umeme. Kasoro hizo hujikusanya mpaka zinapangana na kufungua njia. Umeme unapita, transista imekufa. Kwa kuwa tabaka ni jembamba hivyo, nyongeza ndogo ya volti ni mkazo mkubwa, na kasi ya kujikusanya kwa kasoro haipandi kwa uwiano sawa na volti, inapaa. Ndiyo maana sehemu ya kumi ya volti ina uzito ambao mtu aliyezoea umeme wa ukutani hawezi kuudhania. Mwaka 2002 na 2003 yaliwakuta hayo wapenzi wa prosesa ya Intel ya Pentium 4, ile ya Northwood. Chipu iliyopangiwa volti 1.5 walikuwa wakiipa 1.7 na zaidi. Iliitika vizuri kwa wiki au miezi, kisha siku moja haikuwaka tena.

La pili ni uzee wa transista yenyewe. Volti na joto hunasa chaji mahali ambapo haikutakiwa kukaa, na transista inaanza kuhitaji umeme mwingi kidogo ili ifunguke kwa wakati. Sehemu ya madhara hayo hupona mashine inapopumzika, sehemu nyingine hubaki. Mtumiaji huiona dalili bila kujua chanzo: mpangilio uliokuwa imara mwaka jana, tuseme gigahezi 5 kwa volti 1.30, leo unaangusha gemu. Anaongeza volti hadi 1.33, mashine inatulia, anafurahi. Lakini hiyo nyongeza ndiyo inayoharakisha uzee uleule, na baada ya miezi atarudi kuongeza tena. Katika ovakloki zote mbaya nilizowahi kuzikagua, huu ndio mwendo wake: hakuna moshi wala mlipuko, ni volti inayopanda kidogokidogo na mwenye mashine akiamini anaitengeneza.

La tatu ni kuhama kwa atomi za shaba. Nyaya za ndani ya chipu ni nyembamba kupita kiasi, na mkondo wa elektroni unaopita humo husukuma atomi hizo, kama mto unavyokula ukingo upande mmoja na kurundika mchanga upande wa pili. Panapoliwa waya unakatika. Panaporundikana nyaya mbili zinagusana. James Black wa kampuni ya Motorola aliiandikia hali hii hesabu mwaka 1969, na wahandisi wanaitumia hadi leo. Katika umbo lake la asili, msongamano wa mkondo ukizidi mara mbili umri unabaki robo, kisha joto linakuja juu yake kama kizidishi kingine.

Joto hilo linatoka wapi? Nguvu inayotumiwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Mtu akitoka gigahezi 4 hadi 4.4 bila kugusa volti, nguvu imeongezeka kwa asilimia 10. Akipandisha na volti kutoka 1.20 hadi 1.35 ili kasi hiyo itulie, nguvu imeongezeka kwa karibu asilimia 39. Amepata sehemu moja ya kumi ya kasi kwa kulipa karibu sehemu nne za kumi za joto. Kwa macho ya mtu anayecheza, picha 110 kwa sekunde badala ya 100 ni jambo la kupimwa kwa kifaa, halionekani. Hapo ndipo biashara hii inapokataa kuingia akilini mwangu.

Kama kuna mtu bado anaona haya ni hofu za wahandisi, yaliyoikuta Intel kati ya mwaka 2022 na 2024 yanatosha. Prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, hasa Core i7 na Core i9, zilianza kuyumba mikononi mwa watu, wakiwemo wengi ambao hawakuwahi kugusa mpangilio wowote. Dalili ilikuwa ya kupotosha. Gemu lilianguka likitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha, ilhali kadi ilikuwa na nafasi tele. Watu walibadilisha kadi, wakabadilisha RAM, wakasakinisha Windows upya. Kosa lilikuwa kwenye prosesa, iliyokuwa ikikosea hesabu wakati wa kufungua data zilizobanwa.

Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba chanzo kilikuwa volti kubwa mno. Saketi inayosambaza mapigo ya saa ndani ya kiini ilikuwa ikizeeka mapema kwa volti na joto, na programu ya ndani ya chipu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiomba volti hizo. Agosti mwaka huo lilitolewa rekebisho lililoitwa 0x129, lililozuia maombi ya volti yasivuke 1.55. Septemba ikafuata 0x12B, na maelezo yake yanapaswa kubandikwa ukutani: volti za juu zilikuwa zikiombwa hasa mashine inapokuwa imetulia au inafanya kazi nyepesi. Kiini kimoja kikipewa kazi ndogo hurukia kasi yake ya juu kabisa, na kasi ya juu inataka volti ya juu. Mtu anayesoma barua pepe alikuwa akiila prosesa yake. Intel iliongeza dhamana kwa miaka 2, kutoka 3 hadi 5. Prosesa iliyokwisha kuharibika haikurudishiwa afya na rekebisho lolote.

Mwaka mmoja kabla, AMD, mshindani wa Intel, nayo ilikuwa na msiba wake. Aprili 2023 zilionekana prosesa zake za Ryzen 7 7800X3D zilizoungua, nyingine zikiwa zimevimba chini pale zinapogusana na soketi. Wengi wa waathirika walikuwa wamefanya jambo moja dogo: kuwasha wasifu wa kasi wa RAM katika BIOS (programu inayoiwasha kompyuta), kitufe ambacho kila mwongozo wa kuunda kompyuta hukipendekeza. Baadhi ya mbao mama, kitufe hicho kikibonyezwa, zilikuwa zikipandisha na volti nyingine, ile ya kidhibiti kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu hiyo. Fundisho la hapo ni kwamba volti inayoua huenda isiwe ile uliyoipandisha kwa mkono wako. Kampuni zote mbili huandika pia kwamba uharibifu uliotokana na ovakloki hauingii katika dhamana.

Texas nayo inaongeza lake. Uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth uliwahi kupima nyuzi 113 za Farenhaiti, sawa na 45 za Selsiasi, siku mbili mfululizo mwezi Juni 1980, na mwaka 2011 eneo hilo lilipata siku 71 zilizofika nyuzi 100 za Farenhaiti au zaidi. Houston ina unyevu unaokumbusha Mombasa mwezi Machi. Kipoozi cha kompyuta, kiwe cha feni au cha maji, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa nyuzi 32 badala ya 22, prosesa nayo inapanda karibu kumi hizo zote. Anayezima kiyoyozi mchana ili kubana bili, akiacha mashine inafanya kazi, ajue mpangilio alioujaribu Januari si huohuo mwezi Agosti. Mashine ya Dallas inapaswa kupimwa uimara wake kiangazi, mchana, mlango wa chumba umefungwa.

Joto hilohilo linakula kapasita za pawa saplai na za ubao mama. Ukiifungua pawa saplai ya kawaida utaviona vile vikopo vilivyoandikwa ubavuni nyuzi 105, na kwa aina nyingi ahadi ya mtengenezaji huwa saa 2,000 hivi katika joto hilo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 unazoshusha, umri unazidi mara mbili. Kwa nyuzi 65 saa 2,000 zinakuwa 32,000. Prosesa iliyoongezewa volti huvuta mkondo zaidi kupitia kapasita hizi, huzipasha, na mara nyingi zenyewe ndizo hutangulia kufa. Mwenye mashine analaumu prosesa ambayo bado ni nzima.

Houston ina shule nyingine ya fikra, na ningependa vijana wetu waijue sawa na wanavyoijua QuakeCon. Kituo cha Anga cha Johnson ndicho kinachoongoza safari za Kituo cha Anga cha Kimataifa, na NASA ina sheria ya kutumia vifaa vya umeme chini ya uwezo wake ulioandikwa: kapasita ya volti fulani hupewa kiasi cha nusu yake au zaidi kidogo, makusudi, ili idumu mahali ambapo hakuna fundi. Mwezi Agosti 2017 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise, ambayo sasa makao yake makuu yako Spring, kaskazini mwa Houston, ilipeleka huko juu kompyuta iliyoitwa Spaceborne Computer, iliyojengwa kwa seva za kawaida za dukani. Haikukingwa kwa makasha mazito. Ililindwa kwa programu, na moja ya mbinu ilikuwa kupunguza nguvu na mwendo hali inapokuwa mbaya. Ilirudi duniani mwaka 2019 baada ya kukaa angani zaidi ya mwaka na nusu. Watu hao wana fedha na wataalamu wa kuipandisha chipu yoyote watakavyo. Wamechagua kuishusha.

Wachimbaji wa bitikoini wanaelekea upande mwingine, nao wana hoja. Karibu na Corsicana, kusini mwa Dallas, kampuni ya Riot Platforms ilianza mwaka 2024 kuwasha mitambo iliyozamishwa ndani ya majimaji yasiyopitisha umeme. Majimaji huondoa joto vizuri kuliko hewa, hivyo mashine inaweza kusukumwa zaidi. Mashine ya kuchimba hupitwa na wakati baada ya miaka michache, inapotoka mpya inayotumia umeme kidogo kwa kazi ileile. Chipu itakayotupwa mwaka wa 5 haina haja ya kuishi 15, na anayeitoa maisha yake mapema kwa hesabu anayoielewa hajakosea. Hata kwa mchezaji wa gemu hoja hii ina nguvu: prosesa iliyotunzwa huishi kuliko hamu yetu ya kuitumia. Kama mwenyewe ndiye atakayeitumia hadi mwisho, na yuko tayari kuinunua nyingine, miaka hiyo ni yake.

Shida ni kwamba mashine zetu hazifi mikononi mwa mmiliki wa kwanza. Wakenya wa Arlington na Grand Prairie, Wakongo wa Fort Worth, Watanzania wa Houston, wote tuna mpwa au mdogo wetu anayesubiri kompyuta nyumbani. Ya zamani inafutwa vumbi, inafungwa katika pipa au kontena, inaondoka. Umri uliokwisha kuliwa hauonekani kwa nje. Hakuna kipimo cha BIOS kinachosema chipu imebakiza miaka mingapi. Anayeipokea Kisumu au Morogoro anapokea deni la volti 1.45 ambazo hakuzifurahia.

Soko la mitumba nalo lina uvumi wa kupotosha. Watu wengi hukwepa kadi za michoro zilizotumika kuchimba Ethereum, ambazo zilimwagika sokoni baada ya uchimbaji huo kukoma tarehe 15 Septemba 2022. Lakini wachimbaji wengi walikuwa wakizishusha volti kadi hizo ili kuokoa umeme, na walizitunza katika joto lisilopanda na kushuka. Silikoni ya kadi kama hiyo yaweza kuwa na afya kuliko ya kadi ya mchezaji aliyeipandisha hadi mwisho. Kilichochoka ni feni, na pedi za kupitishia joto, hasa kwenye kumbukumbu. Feni na pedi hubadilishwa. Kati ya kadi hizo mbili, mimi ningechukua ya mchimbaji.

Safari ya kwenda nyumbani ina volti nyingine inayoua kwa sekunde badala ya miaka. Texas ina umeme wa volti 120; Kenya na Uganda 240, Tanzania 230. Pawa saplai nyingi za leo hupokea kati ya 100 na 240 zenyewe. Za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, imeandikwa 115 na 230. Ikisahaulika kwenye 115 na mashine ikachomekwa kwenye umeme wa Nairobi, kapasita mbili kubwa zilizotengenezwa kuhimili volti 200 kila moja hupokea zaidi ya 300. Mlio wake unasikika chumba cha pili.

Kwa anayebaki na mashine yake, ushauri wangu ni kugeuza mchezo. Shusha volti hatua kwa hatua huku kasi ikibaki pale pale, jaribu uimara kwa saa kadhaa, simama pale inapoanza kukosea, kisha rudi juu kidogo. Kadi ya michoro ipunguzie kikomo cha nguvu hadi asilimia 80 uone; kwa kawaida inapoteza kasi kidogo kuliko ulivyotarajia, na feni zinanyamaza. Usiache ubao mama ukuchagulie volti yenyewe bila wewe kuisoma, na uisome mashine ikiwa imetulia, si ikiwa na mzigo tu.

Na kwako unayefunga pipa mwezi huu: rudisha BIOS katika mpangilio wa kiwanda, sasisha toleo lake, geuza ile swichi nyekundu, na umwambie mpokeaji ukweli kuhusu volti ulizokuwa ukitumia. Kama ndani mna Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 uliyoinunua katika boksi lake, ijaribu kwanza. Ikiyumba, usiitume. Dhamana yake ni miaka 5 tangu siku ya kununuliwa, na dai hilo utalifuatilia kwa urahisi ukiwa Dallas kuliko atakavyolifuatilia mdogo wako akiwa Musoma.